Saba Jumlisha Tano

Sisi tuliomaliza darasa la saba Arusha katika miaka ile biashara ilipofunguliwa na maduka yakajaa bidhaa za nje, tuliijua kompyuta kwanza kama kitu cha kuvuliwa viatu. Katika chumba chetu cha mafunzo, Kaloleni, ndala zilibaki mlangoni, nasi tukaingia peku juu ya sakafu iliyopigwa nta nyekundu, baridi ya Meru ikitupanda miguuni. Mashine zilikuwa mbili, zote za mitumba, zimefunikwa vitambaa vya kufuma kama vile vya kwenye makochi, na hakuna aliyethubutu kukifunua kitambaa kabla mwalimu hajasema. Vijana wa leo, wanaolalia simu zao na kuzidondosha chooni, watatuona washamba. Tulikuwa waangalifu.

Wanafunzi tulikuwa kumi na wanne, hivyo kila mmoja alipata dakika ishirini za kibodi kila Jumamosi. Kazi iliyobaki ilifanyika kwenye daftari la hesabu, lile la miraba. Humo nilichora kikokotoo changu: dirisha, visanduku viwili vya kuandikia namba, vitufe vinne vya kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawa, na mahali pa jibu. Chini ya mchoro nilinakili kutoka ubaoni maagizo ya kila kitufe. "Andika kwanza, gusa baadaye," alikuwa akisema Mwalimu Eliapenda, mama mpole ambaye hatukuwahi kumsikia akipaza sauti.

Kwa kuwa nilichapa kwa kidole kimoja, niliamua kupunguza maneno. Kila agizo lilikuwa na neno fupi la herufi tatu, limerudiwa mbele ya jina la kila kisanduku. Nililiona pambo. Nikalikata kwa penseli popote lilipotokea, nikaokoa, kwa makadirio yangu, dakika nne nzima. Zamu yangu ilipofika nikachapa, nikajaribu kitufe cha kutoa: tisa toa nne, tano. Nilifunga daftari nikiamini nimewazidi wenzangu akili.

Jumamosi iliyofuata baba alikuja kutazama. Alikuwa seremala, Ngarenaro, mtu wa maneno machache, na alikwisha kukubaliana na shangazi yangu wa Lemara kwamba nikajifunze cherehani. Mama ndiye aliyemsihi aone kwanza.

"Nitatazama mara moja," aliniambia asubuhi. "Nikiona mchezo, Jumamosi ijayo uko kwa shangazi yako."

Zamu yangu ilikuwa ya mwisho. Ilianza saa sita kasoro ishirini, na kwa ratiba ya mgao, umeme ungekatika saa sita kamili.

Baba alivua viatu bila kuambiwa. Darasa zima likamwamkia.

"Marahaba. Huyu wangu anafanya nini hapa?"

"Ametengeneza kikokotoo, Baba Zuhura," alisema mwalimu.

"Mbona vinauzwa barabarani?"

"Vile wametengeneza wengine, baba. Hiki ni chake."

Nilichapa upya kutoka daftarini, kwa kidole kilekile kimoja. Dirisha likatokea. Nikatoa tatu katika nane, jibu likaja sawasawa, na baba akasogea karibu.

"Jumlisha basi. Saba na tano."

Nikaandika, nikabonyeza. Jibu likatokea: 75.

"Hiyo imelewa mbege!" akasema Elibariki nyuma yangu, na wenzake wakaangua kicheko. Baba hakucheka. Alitazama saa ya ukutani: saa sita kasoro saba.

"Zuhura. Hiyo hata darasa la kwanza wanaijua."

Nikajaribu mbili na mbili. 22. Nikamgeukia mwalimu.

"Usiniangalie mimi, mwanangu. Angalia daftari."

Mashine ilikuwa ikizipokea namba zangu kama maandishi, ikazipanga ubavu kwa ubavu. Maandishi hayatoani, kwa hiyo katika kutoa ililazimika kuyageuza namba. Katika kujumlisha haikulazimika. Neno nililolikata ndilo la kuiamuru iyageuze. Hayo niliyaelewa miaka mingi baadaye. Siku ile niliona tu alama za penseli yangu. Nikalirudisha neno mbele ya kisanduku cha kwanza. Kasoro tatu. Nikalirudisha mbele ya cha pili. Nikafungua dirisha upya, nikaandika saba, nikaandika tano, na kabla kidole hakijafika kwenye kitufe feni za mashine zikanyamaza, kioo kikawa cheusi.

Baba alilichukua daftari, akalipeleka dirishani penye mwanga, akawa anafuata mistari ya mchoro kwa ukucha.

"Ulikosea wapi?"

Nikamwonyesha.

"Nani alikwambia ukate?"

"Mimi mwenyewe. Nilitaka kuwahi."

Akanirudishia daftari, akamgeukia mwalimu. "Jumamosi ijayo mpe zamu ya kwanza. Cha kwake bado sijakiona."

Majuzi binti yangu aliiambia simu yake imtengenezee kikokotoo, na kabla chai haijapoa kikawa tayari, kina rangi na kinatoa sauti. Nikamwuliza ndani kimeandikwa nini. Akanitazama kana kwamba nimemwuliza jina la ng'ombe aliyetoa maziwa ya dukani. Alipoondoka nilikaa nikabonyeza vitufe vyote, kimoja kimoja, nikitafuta kosa la kumwonyesha. Sikupata hata moja, na nikamkumbuka baba: cha kwake bado sijakiona.