Kaburi Nyuma ya Nyumba ya Mtu

Mume wangu alikuwa mtu wa mawe. Miaka yote tuliyokaa Bredäng, pembeni mwa Stockholm, wenzake walipokutana Jumapili baada ya ibada kubishana mpira na siasa za nyumbani, yeye alikuwa kwenye kochi anasoma habari za makaburi ya kale ya Waswidi. Nilimwacha. Mwanamume mwenye ugonjwa wa moyo akipata cha kumtuliza, unamshukuru Mungu na unanyamaza.

Kiangazi kile daktari alikuwa ameshatuambia ukweli, kwamba moyo umechoka. Mume wangu akasema basi, anataka kuyaona makaburi hayo kwa macho yake. Binti yetu akatuendesha kutoka Stockholm mpaka kijiji kimoja karibu na Falköping. Tulichelewa kufika, maana baba yake alitaka kusimama kila penye kahawa.

Nilitegemea kukuta makumbusho, na tikiti, na kamba za kuzuia watu. Kumbe kaburi liko nyuma ya nyumba ya mtu. Kilima kidogo cha nyasi, juu yake mabamba ya mawe ambayo hata tingatinga lingehangaika nayo, na ng'ombe wanajilia pembeni. Mwenye nyumba, mzee wa Kiswidi, alikuwa anafyeka nyasi kulizunguka. Nilikoolewa, Uchagani, ndivyo ilivyo: kaburi liko migombani, karibu na jiko, na anayelifyekea ni wa nyumba hiyo. Basi nikamsalimu yule mzee, nikampa pole, nikamuuliza aliyelala hapo ni babu yake mzaa baba au mzaa mama.

"Mamma," binti yangu akasema, kisha akanieleza kwa Kiswidi cha haraka kwamba watu hawa walizikwa zaidi ya miaka elfu tano iliyopita. Aliona aibu. Mzee hakucheka. Alisema hajui ni wa nani, hakuna anayejua, ila baba yake alikuwa akifyeka hapa, na yeye anafyeka. Mimi sikuona swali langu lilikuwa na kosa gani. Mume wangu ndiye aliyecheka, mpaka akashika kifua.

Kaburi lenyewe unaliingia kwa ujia wa mawe, wa chini kiasi kwamba hata mtoto angeinama. Nilisema mgonjwa haendi huko. Akapiga magoti, akaingia. Nikamfuata huku nanung'unika, gauni langu zuri likiishia kwenye matope, na binti akabaki nje akiongea na yule mzee. Ndani kulikuwa na baridi na harufu ya udongo. Chumba kirefu, kitupu. Mifupa wataalamu waliichukua zamani. Mume wangu aliniambia humo walilazwa wengi, kizazi baada ya kizazi.

"Kama kwenu," nikasema. "Ukoo mzima pamoja."

"Mimi unizike Stockholm," akasema. "Watoto wako hapa, wajukuu wako hapa. Kule migombani namjua nani sasa?"

Nilikasirika. Mchagga hulala kihambani, kwenye shamba la ukoo wake, na akizikwa ugenini, watasema mke ndiye aliyemtupa. Nikamwambia atoke nje arudie maneno hayo mbele ya binti yake, au ampigie kaka yake simu.

"Nimeshakwambia wewe," akasema. Halafu akaomba nimshike mkono, apate kugeuka.

Hakumwambia mtu mwingine. Nilimgusia habari hiyo tena hospitalini, mbele ya binti yetu, akafumba macho kama amelala. Alifariki kabla theluji haijaisha.

Kesho yake shemeji yangu, yule kaka mtu, alipiga simu kutoka Moshi. Alilia, nikalia. Akasema wameshachagua mahali, ubavuni mwa mama yao, wanasubiri niwaambie mwili unafika lini. Nikamwambia hautafika. Atazikwa huku, ndivyo alivyotaka mwenyewe.

"Aliyasema hayo mbele ya nani?"

"Mbele yangu."

"Shemeji, wewe si wa ukoo."

Nilikuwa nimeolewa kwao zaidi ya miaka thelathini. Nimewazalia, na mama yao nilimwosha kwa mikono yangu siku alipokufa. Neno lile liliniuma, sitaficha. Nikamjibu kwamba ni kweli, mimi si wa ukoo, ila mwili uko kwangu.