Kichujio Kilichotoa Mapovu

Kazini walimwita Bibi Chujio. Wenzake walitania kwamba hata machozi yake huyachuja kwanza ndipo ayatoe. Alicheka nao, kisha akaendelea kusugua mikono hadi viwikoni kama mtu aliyetoka kulima.

Alikuwa mfamasia wa hospitali, na kazi yake ilikuwa kuandaa dawa zinazoingia mwilini kwa mshipa. Chakula kikiwa na uchafu, tumbo huweza kupambana nao. Kilichoingia kwenye damu kimeingia, na Bibi Chujio alikuwa na maneno makali kwa yeyote aliyesahau hilo.

Mwaka ule mdogo wake wa kike alijifungua kabla ya miezi kutimia. Mtoto alikuwa mdogo kama kiganja, hajui kunyonya, na alilishwa kwa dripu: sukari, protini na chumvi zilizochanganywa kwenye mfuko mmoja kila siku. Aliyezichanganya alikuwa mama yake mkubwa, Bibi Chujio. Familia nzima ilishusha pumzi. Mtoto yuko mikononi mwa damu yake.

Asubuhi moja alivaa gauni, barakoa na glavu, akaingia chumba safi, akachanganya na kuusukuma mchanganyiko kwenye kichujio, kisahani cha plastiki chenye matundu madogo hata kijidudu hakipenyi. Maji yakatoka meupe, yanang'aa. Ikabaki kukipima kichujio chenyewe. Kichujio kizima kikishalowa huzuia hewa; kikipitisha mapovu kwa msukumo mdogo, kimepasuka mahali.

Alisukuma hewa. Mapovu yakatoka.

"Labda hukukikaza," alisema fundi dawa mwenzake, mwanamke wa makamo waliyefanya naye kazi miaka mingi.

Akakikaza, akarudia. Mapovu tena. Akachukua kingine kwenye boksi lile lile, akakilowesha, akakipima. Nacho kikavuja. Cha tatu vilevile.

"Boksi zima bovu," alisema, na mfuko aliokwisha kuujaza akaumwaga kwenye sinki.

Akampigia daktari wa watoto, akamweleza bila kupindapinda.

"Nitamweka kwenye maji ya sukari," daktari alijibu. "Lakini kale katoto hakana akiba. Jioni isitukute hivi."

"Haitatukuta."

Habari zilitangulia kufika wodini. Alipotoka tu, akamkuta mdogo wake mlangoni, kanga imefungwa ovyo, macho mekundu.

"Dada, nimeambiwa umemwaga chakula cha mwanangu."

"Nimemwaga."

"Kilikuwa na uchafu? Uliuona?"

"Sikuuona. Ndiyo maana nimemwaga. Kama ungeonekana, ningehitaji kichujio cha nini?"

"Mtoto ana njaa, wewe unaniletea masomo!" Akaikaza kanga yake. "Siku zote ni kazi yako kwanza. Hata leo!"

Maneno yalimchoma. Alitamani kumkumbatia, akajua akifanya hivyo wote wawili watalia na saa itakwenda. "Nikasirikie baadaye, mdogo wangu," alisema. "Sasa hivi nina safari."

Alimpigia mfamasia wa hospitali ya upande wa pili wa mji, waliyesoma naye darasa moja.

"Shoga, una vichujio vya boksi jingine, si hili tuliloletewa juzi?"

"Ninavyo. Kwani hilo lina nini?"

"Linavuja. Na wewe pima lako kabla hujamwekea mtu dripu."

Alivifuata mwenyewe kwa pikipiki ya kukodi, helmeti ikimning'inia kichwani kama sufuria, akarudi ameukumbatia mfuko wa vichujio kifuani. Akabadili nguo, akanawa upya, akaanza upya tangu mwanzo bila kuruka hatua hata moja, ingawa fundi dawa alikuwa akiitazama saa ya ukutani waziwazi. Alipomaliza kuchuja, alisukuma hewa. Haikupita. Akasukuma zaidi, kidole gumba kikamuuma. Haikupita.

"Pelekeni," alisema, kisha akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa.

Mtoto alianza kulishwa jua lingali juu. Shoga yake alipiga simu jioni ile ile: boksi lake nalo lilivuja. Msambazaji wa vichujio aliuchukua tena mzigo wote, na hakuna aliyeweza kusema nini kingetokea kama wasingepima. Bibi Chujio mwenyewe hakudai anajua.

Mdogo wake alinuna. Alipitisha siku kadhaa akimsalimu dada yake kwa kichwa tu. Mchana mmoja, mtoto akiwa ameanza kunyonya, alimwita kando ya kitanda.

"Niambie ukweli. Angekuwa mtoto wa mtu usiyemjua, ungemwaga?"

"Ningemwaga."

"Na ungepanda pikipiki?"

"Ningepanda. Ila nisingetetemeka vile."

Mdogo wake akavuta pua, kisha akasogea kumpisha kitandani.

"Kaa, dada. Mshike, mimi nikaoge."