Meza Inayolia

Mimi kantri siipendi, na sijawahi kuficha. Ni muziki wa wanaume wazima kulilia mbwa waliokufa na wake waliotoroka, na kama mke ametoroka, si uoe mwingine? Lakini Mungu akitaka kukuonyesha, anakupa jirani. Mimi alinipa Jepchirchir, Mnandi wa karibu na Mosoriot, muuguzi katika nyumba moja ya wazee kule Longbridge. Tunakaa nyumba moja hapa Nechells, mjini Birmingham, Uingereza, na ukuta ulio kati ya chumba chake na changu ni mwembamba kama chapati ya mchoyo.

Ukitaka kumjua Jepchirchir, anza na baba yake. Mzee Kiptanui alikuwa dereva wa lori la maziwa. Ndani ya lori mlikuwa na redio ya kanda, na kanda zote zilikuwa za kantri, maana huko kwao kantri ni chakula. Wakati wa likizo Jepchirchir na dadake Edah walipanda naye. Wimbo ukifika mahali fulani, kitu kilianza kulia. Si gitaa la kawaida, si mtu. Sauti ilipanda ikiteleza, ikatetemeka, ikashuka polepole, kama mama anayelia huku akijua watoto wanasikia. Hapo Mzee aliinua mkono mmoja kutoka kwenye usukani, kiganja wazi, na hakuna aliyeruhusiwa hata kukohoa. Ikiisha, anarudisha kanda nyuma na kuiambia, "Rudia."

Halafu anauliza, "Lakini hicho ni nini kinacholia?"

Alimuuliza mwalimu mkuu, akaambiwa ni fidla. Alimuuliza pasta, akaambiwa ni mwanamke. Fundi wa redio akasema ni kinanda cha mdomo. Mzee aliwakatalia wote. "Fidla naijua," alisema, "na mwanamke namjua zaidi." Akastaafu lori bila jibu.

Jibu alilipata binti yake, huku Birmingham. Alikuwa amewasindikiza wazee anaowauguza kwenye klabu ya wastaafu, wale waliokuwa wakiunda magari pale Longbridge kabla kiwanda hakijageuka maduka. Bendi ilikuwa ya wazee watupu. Mmoja alikuwa anakwangua ubao wa kufulia nguo, mwingine anapitisha upinde wa fidla juu ya msumeno. Msumeno, haki ya nani! Na pembeni alikaa mzee anaitwa Arnold, mbele yake kitu kama meza ya kupigia pasi, nyaya zimetandazwa juu, pedali chini. Akashika kipande cha chuma, akakitelezesha juu ya zile nyaya. Jepchirchir akaachilia kiti cha magurudumu katikati ya ukumbi, bibi wa watu ndani yake.

Siku hiyohiyo alipiga simu nyumbani. "Baba, nimekiona! Kinaitwa gitaa la stili. Ni kama meza. Unaipiga kwa mikono, miguu na magoti."

Mzee akacheka mpaka akakohoa. "Meza? Miaka yote hii inayolia ni meza?"

Picha aliyotumiwa akaizungusha kijiji kizima, akaanza na yule pasta.

Arnold alikubali kumfundisha. Msiniulize ni kazi gani hiyo. Mkono wa kushoto unatelezesha chuma, na hakuna alama ya kukusimamisha mahali pa haki. Ukipitiliza kidogo tu, ni paka amekanyagwa mkia. Wa kulia unadonoadonoa nyaya. Miguu inakanyaga, magoti yanasukuma vyuma vilivyofichwa chini ya meza. Na macho huyainui. Vidole vya Arnold vilipokauka kabisa alimwachia Jepchirchir lile gitaa lake, na mimi ndiye niliyesaidia kulipandisha ngazi, mgongo wangu ni shahidi.

Tangu hapo nikawa sina raha. Ninatoka shifti nimechoka, nagonga ukuta: "Jepchirchir! Zima huyo mgonjwa!"

"Hajapona bado, Kwamboka!" anajibu, anaendelea.

Lakini alipona. Ngugi, fundi wa simu anayeongoza bendi ya Wakenya na kupiga kodiani, alimchukua. Jumamosi wanacheza kwenye ukumbi wa kanisa, watu na makofia yao makubwa na mabuti, utadhani Nakuru imehamia Washwood Heath. Nilikuwa naenda kula pilau tu. Ila ile meza ilipolia, nakiri, sahani niliisahau mkononi.

Mzee alikuwa akiuliza kila wiki, "Utanipigia lini, mama?"

"Bado, Baba. Bado naicheza kitoto. Nataka ikufikie safi. Nikija nyumbani nitakuja nayo."

Nilimwambia, Jepchirchir, mtumie hata kipande. Akakataa. Arnold alikuwa amemwambia chombo kile kinataka miaka, naye akaamua kukipa miaka. Baba ni mzima, haraka ya nini?

Kisha baba hakuwa mzima tena. Moyo ulichoka, maji yakajaa mapafuni, na daktari akamwambia Edah waende wakamuuguzie nyumbani. Sisi tunaojua lugha ya hospitali tunajua maana ya hayo. Na wakati huo viza ya Jepchirchir ilikuwa inafanywa upya. Akitoka kabla ya majibu, ombi linakufa, na kazi nayo inakwenda, kazi ileile iliyokuwa inanunua dawa za Mzee. Alikaa sakafuni jikoni akalia, nikakaa naye.

Mzee mwenyewe ndiye aliyetoa njia. "Nipigie kwa simu, nikuone. Usinitumie kanda. Kanda nimesikiliza maisha yangu yote. Mara hii nataka nikisema rudia, mtu arudie."

Tulifanya Jumapili baada ya kanisa. Jepchirchir alivaa gauni lake la bendi. Mimi nilikuwa mshika simu, nimesimama mbele ya spika. Kule Edah alikuwa ameshika ya kwao.

"Baba, unanisikia?"

"Nakusikia vizuri, mama. Shikamoo kwa mwenzako." Mzee hakuwa na nguvu, lakini utani anao. "Ama yeye ndiye anipe mimi shikamoo?" akaongeza, yote kwa Kiswahili, kwa heshima yangu.

Jepchirchir akainama, akaanza. Na mimi nisiyependa kantri nakwambia sijawahi kusikia kitu kama kile. Alimchezea lori lote, barabara yote, makopo ya maziwa na vumbi. Hakuinua macho hata kidogo, hangeweza. Mimi ndiye niliyekuwa namtazama Mzee. Nikaona midomo ikitikisika. Kisha nikaona mkono wake, mwembamba, unainuka juu ya blanketi, kiganja wazi.

Alipomaliza alikuwa amelowa jasho na machozi. "Baba? Umesikia?"

"Nimesikia, mama. Vizuri sana. Rudia."

Akarudia, yote, tangu mwanzo.

Simu ilipokatika nilimrukia. "Aliinua mkono! Jepchirchir, nimeuona kwa macho yangu, aliinua mkono!" Tulicheka, tukalia, tukapika ugali tukaula kwa maziwa ya dukani, tukasema leo hata haya ni mursik, maziwa ya kwao ya kibuyuni. Siku zilizofuata alimweleza kila mtu kazini: Baba amesikia. Mpaka wale wazee wasiokumbuka majina ya watoto wao walijua kwamba Baba amesikia.

Mzee hakumaliza wiki hiyo.

Maziko tuliyaona kwenye simu, nyumba imejaa Wakenya na chai. Jepchirchir alilia, lakini kilio chake kilikuwa na mahali pa kuegemea. "Angalau," alikuwa akisema. "Angalau, Kwamboka."

Baadaye Edah akamtumia video. Alikuwa ameegesha simu ya mwanawe kando ya kitanda, amrekodi Baba akisikiliza. Aliandika kwamba amesitasita sana kuituma. Jepchirchir hakungoja. Aliniita, tukakaa kitandani bega kwa bega tumwone Mzee tena.

Alikuwepo, ameegemezwa kwenye mito. Nje kuku wanalia. Mikononi mwa Edah, kwenye kioo kidogo cha simu, Jepchirchir ameinama anacheza, na hakuna kinachosikika. Hakuna. Ila pedali: tak, tak. Nikadhani simu yetu imezimwa sauti, lakini wale kuku nilikuwa nawasikia.

Edah akamnong'oneza baba yake kwa Kinandi. Mzee akainua mkono, akasema neno la chini.

"Mkono ndio huo!" nikasema, mjinga mimi. "Si nilikwambia?"

Jepchirchir akairudisha video nyuma, akasikiliza tena.

"Wamesema nini?"

"Edah amesema, Baba, hakuna sauti, nimwambie?" Aliongea taratibu, kama anamsomea mgonjwa majibu. "Baba amesema, nyamaza. Mwache acheze."

Halafu ikaja ile sauti niliyoifahamu, kwa Kiswahili: nimesikia, mama, vizuri sana, rudia. Mara ya pili Mzee hakutoa macho kwenye kile kioo, analia, anafuata mikono ya binti yake ikitembea. Simu ilipokatika alimgeukia Edah akauliza kitu. Hiyo nayo Jepchirchir alinitafsiria. Alikuwa amemuuliza, "Unadhani ni sauti ileile ya kwenye lori?"

Ngugi alikuja akatueleza. Simu, alisema, imetengenezwa ishike maneno ya watu. Sauti ndefu isiyo na maneno inaihesabu kuwa kelele, kama feni au mvua, inaiondoa. Nasi tulijaribu kwa maneno tu: unanisikia, nakusikia. Nilimfokea Ngugi kana kwamba yeye ndiye aliyeziunda simu zote za dunia. Maskini, alishika kofia yake akakubali.

Bendi inamngoja mpaka leo. Wanapiga bila stili, na kodiani peke yake haiwezi kuubeba ule uzito. Kofia ya Jepchirchir ingali imening'inia mlangoni. Lakini msidhani ameacha kucheza. Kila akitoka shifti anaketi mbele ya ile meza, anashika chuma chake, anaanza. Spika haiwashi. Na stili bila umeme haina sauti, jamani, hata ukitega sikio ukutani.

Juzi nilishindwa. Nikagonga ukuta kwa ngumi zote mbili. "Jepchirchir! Washa stima! Sisikii kitu!"

Pedali zikasita.

"Ndivyo Baba alivyosikia," akajibu, na pedali zikaendelea: tak, tak.