Sahani ya Pembeni

Nakumbuka siku moja mama mkwe aliingia chumbani kwangu kule Mbwera bila hodi, akanikuta nimeinamia mtungi. Moyo ulinipasuka, mwanangu.

Mimba yangu ya pili ilikuwa na miezi saba. Mtoto wa kwanza alikuwa mkubwa mno, akakwama wakati wa kuzaliwa, tukamzika. Safari hii kliniki wakaniambia mimba imeniletea sukari. Wali nipunguze, mboga na samaki nizidishe, nitembee kila siku. Sukari haikushuka vya kutosha, wakanipa sindano za kujichoma mwenyewe. Dawa ile haitaki joto, nasi friji tungeitoa wapi? Muuguzi akanifundisha kuifunga kwenye mfuko na kuiweka ndani ya mtungi, nje yake mchanga uliolowana.

Sikumwambia mtu. Mume wangu alikuwa dago, kambini kwa wavuvi wenzake, nami niliogopa kuitwa mgonjwa ukweni. Basi kila mchana wenzangu wanazunguka sinia la wali, mimi najipakulia kidogo kwenye sahani yangu, nakaa pembeni.

"Makubwa! Wifi siku hizi anaogopa mikono yetu," alisema dada wa mume wangu.

Tangu hapo wakaninunia. Walidhani nawashuku kwamba walimroga yule mtoto wa kwanza. Nyumba imejaa watu, nami sina hata wa kuniuliza nimeamkaje. Nililia, mwanangu, we acha tu.

Sasa mama mkwe kauona mtungi. "Unamroga nani humu ndani?"

Nikaitoa dawa, nikamweleza yote. Akakaa kitandani. Kisha akanigeukia kwa ukali:

"Wewe mtoto! Tunakusengenya mchana kutwa, kumbe unampigania mjukuu wangu? Hiyo mimba umeibeba wewe, lakini ni yetu sote. Nani kakutuma kuteseka peke yako?"

Kliniki iliyofuata tulipanda boti pamoja. Wifi hajaniomba radhi mpaka leo, na bado inaniuma. Lakini mtoto alizaliwa mzima.

Kwa hiyo, mwanangu, ukiambiwa una sukari ya mimba, kula walivyokuelekeza, tembea, dawa usiiruke, na ukishajifungua rudi wakupime tena. Na siku hiyohiyo waambie watu wa nyumbani, hata kama watakununia. Mungu akujaalie ujifungue salama, na mwanao alie kwa nguvu mpaka majirani waje mbio kuuliza ni wa kike au wa kiume.