Bibi Alisema Kinena, Mimi Nikasema Goti

Mimi ndiye niliyemharibia bibi yangu mguu. Mkitaka kunitukana, anzeni sasa. Mimi nimeshajitukana na bado sijaridhika.

Niko kidato cha tatu, nakaa mtaa wa Kibokoni, na mtu akinisalimia barazani huitikia nikiwa nimeinama. Haya nimezaliwa nayo. Wakubwa huisifu, ati msichana mwenye haya! Basi haya hiyo ndiyo iliyomla bibi.

Bibi aliwekwa nyonga ya chuma, kwa sababu ile yake ya kuzaliwa nayo ilikuwa imelika na ngazi za nyumba yetu zimekuwa adhabu. Miezi ya mwanzo alikuwa mzima, hadi darini kuanika nguo akipanda. Kisha akianza kuinuka kitini, ndani kunalia, kok! Nimeisikia kwa masikio yangu. Na maumivu yakamkaa kinenani.

Kinenani! Naliandika neno hili na uso waniwaka.

Siku ya kurudi hospitali nilikwenda naye mimi. Daktari aliyempasua ni mgeni, Kiswahili chake ni cha jambo na pole, na mimi nina Kiingereza cha shule. Tena ni mwanamume, kijana. Bibi hakuweza kutaja pahali pale mbele yake. Akaninong'oneza:

"Mwambie chaniuma huku kinenani, na hicho chuma chacheza. Mwambie vizuri, mwanangu."

Neno kwa Kiingereza nalijua. Nililitafuta kwenye kamusi kabla hatujatoka nyumbani! Daktari akanikazia macho, ulimi ukakataa. Nikasema goti.

Akaandika goti. Akalipiga picha goti, na bibi akadhani ni mguu mzima unaopigwa. Goti halina neno, akatoa vidonge.

"Umemwambia?" bibi akaniuliza.

"Nimemwambia, bibi."

Mwongo mkubwa! Na tuliporudi mara ya pili nikasema goti tena, maana uongo ukishauanza wenyewe hukuvuta mkono.

Nyumbani shangazi, binti yake bibi, akaanza kumsimanga.

"Si wewe mwenyewe, mama? Ulikatazwa kuketi chini, nawe wang'ang'ania mbuzi yako ya kukunia nazi!"

"Sijaikalia tangu nipasuliwe, wallahi."

"Wali wa Ijumaa nazi yake ilikunwa na nani, na majini?"

Ilikunwa na mimi! Na nilikuwa nimesimama pale pale. Nikanyamaza, nisije nikaulizwa na mengine. Shangazi akaichukua ile mbuzi akampa jirani.

Akaanza kuchechemea. Kisha akawa hatembei bila ya kushika ukuta. Mwisho shangazi akampeleka kwa daktari mwingine, mwanamke, mtu wa pwani kama sisi. Nami nikawafuata.

"Ni wapi hasa, mamangu?"

"Kinenani. Si nimesema tangu mwanzo? Huyu mjukuu wangu amemwambia mwenzio mara mbili."

Daktari akafungua faili. "Hapa pameandikwa goti. Na hapa, goti."

"Goti? Goti langu lina nini?"

Wakanigeukia wote. Ya Rabi!

Akapasuliwa tena. Baadaye daktari yule akatueleza. Nyonga ya chuma si kipande kimoja. Kuna mti wa chuma unaopigiliwa ndani ya mfupa, na kuna kichwa cha mviringo kinachopachikwa juu ya shingo ya ule mti, pale pale mgonjwa akiwa mezani, kwa nyundo. Shingo yatakiwa ipanguswe ikauke, ndipo kichwa kipigwe pigo la haki. Ikibaki damu au mafuta, au pigo likiwa legevu, hakishiki.

"Pigilia mpini wa shoka ukiwa na mafuta, uone kama utakaa," alisema.

Basi cha bibi hakikukaa. Kilicheza kidogo kidogo, chuma kikasagana na chuma, na vumbi lake likala nyama. Walimkuta mweusi ndani kama masizi ya sufuria. Misuli ya kuinulia mguu imekwenda.

Namchukia yule daktari wa kwanza! Chuma kilikuwa kizima, mikono yake ndiyo iliyokiunga ovyo. Na mtu uliyempasua nyonga akikwambia goti, huwezi hata kumwinua mguu ukatazama? Lakini yeye ana jibu: mgonjwa hakulalamikia nyonga. Na hilo ni kweli.

"Mngenijia kilipoanza kulia," yule mwanamke alisema, "ningebadilisha kichwa peke yake nikafunga."

Shangazi hakumwomba bibi radhi. Ule ulimi alinigeuzia mimi, na aendelee.

Bibi hakunilaani. Alisema hivi tu: "Naliona haya, nikakupa wewe kinywa changu. Kumbe nalimpa nani?"

Sasa hutembea kwa fremu, kutoka kitandani hadi dirishani. Ngazi zimemshinda, kaburi la babu haendi tena kulizuru. Daktari akija kumtazama, bibi huniambia, "Wewe toka nje."

Nanyi wenye haya mnaosifiwa majumbani, sikilizeni! Ukipewa neno la mgonjwa, liseme. Kinena, titi, haja, lolote. Likikushinda, liandike kwenye karatasi. Na hilo likikushinda, sema huwezi, aitwe mwingine. Lakini usimpe daktari kiungo kingine! Mgonjwa amekuamini, hatauliza tena. Atameza vidonge vya goti, na huku anaoza.