Mtoro wa Dawati la Mbele

Niliitwa shuleni kwa sababu ya utoro wa binti yangu. Nilishangaa, maana kila asubuhi nilikuwa namfikisha mwenyewe hadi mlangoni kabla sijashuka mjini Morogoro kuuza ndizi.

Binti yangu ni kiziwi. Shule yetu huku mlimani imejitangaza ukutani, kwa rangi ya bluu, kwamba ina kitengo cha elimu maalumu. Kitengo chenyewe ni mwalimu mmoja anayejua lugha ya alama, naye kutwa yuko kwenye semina, anajifunza namna ya kuwasaidia watoto aliowaacha.

Mwalimu mkuu alinifungulia daftari la mahudhurio. Muhula mzima, binti yangu hayupo.

"Mbona anakaa dawati la mbele?" niliuliza.

"Mama, jina lake likiitwa haitiki."

Nilidhani ananitania. Wapi! Wasomi wazima, na vyeti vyao, wamemwita kiziwi kwa mdomo muhula mzima, kisha wakamwandika mtoro.

Nilikwenda darasani, nikamshika mwanangu mkono, nikamleta ofisini. Alipiga goti mbele ya meza na kuinamisha kichwa, kama nilivyomfundisha kutoa shikamoo isiyo na sauti. Akangoja aguswe kichwani, ndiyo marahaba yake. Mwalimu mkuu alikuwa ameinamia daftari lake, anatafuta ukurasa.

"Mwalimu," nikasema, "umepewa shikamoo hapa. Sasa kati yenu wawili, asiyeitika ni nani?"