Bi Mara Moja na Kichupa cha Zambarau

Pale hospitalini kila mtu alimwita Bi Mara Moja, na jina hilo lilimkaa vizuri kuliko koti lake jeupe. Miaka kumi na tisa alikuwa akiwatoa watu damu, na hakuwahi kumchoma mgonjwa mara mbili. Hilo alilisema mwenyewe, kabla hujamuuliza.

Asubuhi hiyo akaletewa mzee mmoja, fundi saa mstaafu, mishipa myembamba kama uzi. Akachoma. Kichupa cha kifuniko cha zambarau kikajaa. Cha pili, cha kifuniko chekundu, kikapata matone machache tu, mshipa ukagoma. Mwingine angeomba radhi na kuhamia mkono wa pili. Yeye aliangaza huku na huku, akafungua vifuniko, akamimina kidogo kutoka kile cha zambarau kwenda chekundu. Damu ni damu, alijiambia, tena ya mtu yule yule!

Saa moja baadaye mtu wa maabara alitoka mbio na karatasi.

"Daktari, potasiamu imepanda vibaya mno, kalsiamu karibu hakuna! Kwa majibu haya moyo umeshasimama."

Mwenye moyo alikuwa kwenye benchi, akibishana na mlinzi kwamba saa ya ukutani inachelewa dakika nne. Lakini daktari alisoma karatasi, hakusoma benchi. Akaagiza sindano ya kushusha potasiamu, haraka.

Bi Mara Moja akaelewa papo hapo. Kichupa cha zambarau kina dawa ya kuzuia damu isigande. Dawa yenyewe imejaa potasiamu, na huifunga kalsiamu isionekane. Somo hilo aliwafundisha wanafunzi kila mwaka, kwa madaha. Na alijua kwamba ukimshushia potasiamu mtu ambaye yake iko sawa, moyo wake unaweza kusimama kweli. Akinyamaza, sifa yake itabaki safi, na mzee wa watu ataondoka duniani.

Nesi alikwisha kuvuta dawa ya kushusha potasiamu kwenye sindano.

"Acha!" Akamshika nesi mkono. "Nilimimina."

"Ulimimina nini, mama?" daktari akauliza.

"Damu. Kutoka cha zambarau. Niliona haya kumchoma tena."

Akamchoma mzee upya, na safari hii majibu yalitoka ya mtu mwenye afya kabisa. Alipoelezwa yote, mzee aliteremsha mkono wa shati taratibu, akamtazama.

"Kwa hiyo, mwanangu," alisema, "ulikuwa radhi nife, bora nisichomwe mara mbili?"